Kiganda Humkaribisha Mgeni Mjini Kampala

Uganda ni nchi jirani ambayo mtu kutoka Tanzania au Kenya huiingia bila hofu ya lugha. Katiba ya mwaka 1995 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na marekebisho ya mwaka 2005 yalikipa Kiswahili nafasi ya pili. Maofisini, katika mabenki na katika Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, shughuli huendeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi, mfanyabiashara au jamaa ya mtumishi aliyehamishiwa Kampala hujiuliza: je, kujifunza Kiganda kuna faida gani?

Jibu hupatikana sokoni. Huko Owino au Nakasero, muuzaji anayejua Kiingereza atamjibu mgeni kwa adabu. Lakini mazungumzo yenyewe, yaani habari za mvua, za nyumba ya kupanga na za mtoto mgonjwa, huendelea kwa Kiganda pembeni mwake. Mgeni huyo huhudumiwa, ila hahusishwi. Aendaye ofisini huenda asilione pengo hilo. Abakiye mtaani na watoto huliona kila siku. Na usiku mtoto apatapo homa ghafla, wa kwanza kuitwa si mkuu wa ofisi, bali ni jirani.

Kiswahili nacho kina historia yake huko. Kilitumika katika jeshi la KAR wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru wa mwaka 1962 kiliendelea kuzungumzwa kambini. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Hivyo, kwa miaka mingi, raia wengi wa Buganda walikihusisha na mtu mwenye bunduki. Sasa kinafundishwa shuleni na hali inabadilika. Hata hivyo, askari au polisi aendaye huko kwa mafunzo ana sababu ya kutanguliza salamu ya wenyeji.

Kwa bahati njema, lugha hizi mbili ni ndugu. Maji ni "amazzi", nyama ni "ennyama", nyumba ni "ennyumba", na mwana ni "omwana". Lakini undugu huo una mitego. "Linda" kwa Kiganda ni ngoja. Sauti ikikazwa, maana hugeuka: "okuta" ni kuachilia, bali "okutta" ni kuua, "okuba" ni kuwa, bali "okubba" ni kuiba. Mwenye kazi ya ulinzi ataona mara moja kwamba herufi moja si jambo dogo.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ukarimu wa wenyeji wenyewe. Mwenyeji amsikiapo mgeni akibabaika, humwonea huruma na kuhamia Kiingereza. Mgeni hushukuru, na somo huishia hapo. Dawa yake ni kumwomba mwenyeji kwa upole aendelee kwa Kiganda, hata kama jibu litachelewa.

Mwanzo mwema ni salamu. Asubuhi husemwa "Wasuze otya", na kuanzia mchana "Osiibye otya", pamoja na "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke. Si adabu kuuliza bei kabla ya kusalimu. Baada ya salamu ndipo huulizwa "Ssente mmeka?", na mtu akipewa kitu hushukuru kwa kusema "Webale". Inafaa pia kuchagua muuzaji mmoja na kurudi kwake kila mara, kusikiliza habari za Kiganda redioni, na kusoma vichwa vya habari vya gazeti la Bukedde. Watoto hujifunza upesi wakiwa mchezoni. Wazazi wasione haya kusahihishwa nao.

Ikumbukwe pia kwamba Kampala si Uganda yote. Nchi hiyo ina lugha zaidi ya 30. Apelekwaye Gulu atakutana na Kiacholi, na apelekwaye Mbarara atakutana na Kinyankole. Kwa hiyo aulize mapema lugha ya mahali aendako.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Hakuna amtakaye mgeni aseme kama Mganda. Maneno machache yaliyotamkwa kwa heshima kila siku yatatosha kumfanya jirani agonge mlango wake, na ajue kwamba ataitikiwa.