Skrini Nyeusi Ndani ya Windows 11

Anayenunua kompyuta mpya yenye Windows 11, kisha akajaribu kufungua programu aliyoizoea tangu enzi za MS-DOS, hukutana na ujumbe mfupi: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Wengi hudhani imeharibika. La hasha. Faili zake ni zilezile za mwaka 1990, hazijapungua hata herufi moja. Kilichobadilika ni mashine iliyo chini yake. Ndiyo maana naona kwamba kabla ya kuitupa programu ya namna hiyo, au kumlipa fundi aiandike upya, inafaa kwanza iundiwe kompyuta ya kizamani ya bandia ndani ya hii mpya.

MS-DOS ilitoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ndogo ya IBM yenye prosesa ya Intel 8088, iliyoendesha programu za biti 16. Programu za wakati ule ziliigusa mashine moja kwa moja, zikiandika kwenye kumbukumbu ya skrini na kupeleka herufi kwa printa bila kuomba ruhusa popote. Mwaka 1985 Intel ikatoa 80386, prosesa iliyoweza kujifanya ile ya zamani, na Microsoft ikautumia uwezo huo kuzipa hifadhi programu za DOS ndani ya Windows NT ya mwaka 1993. Prosesa za biti 64 zilizoletwa na AMD mwaka 2003 haziutoi uwezo huo zinapofanya kazi kwa biti 64. Basi Windows za biti 64 zikaja bila hifadhi ile, na Windows 11 ya mwaka 2021 haina toleo la biti 32 la kukimbilia. Wapo wanaosema teknolojia ililazimisha hivyo. Lakini Windows NT iliwahi kuwekwa kwenye prosesa za Alpha na MIPS, ambazo hazina udugu wowote na Intel, na bado programu za DOS zilifanya kazi humo kwa kuigwa. Kuziacha ulikuwa uamuzi wa kibiashara.

Kazi hiyo ya kuiga wameichukua wengine. DOSBox, iliyotoka mwaka 2002, husoma kila agizo lililokusudiwa prosesa ya zamani na kulitekeleza yenyewe, huku ikijifanya pia skrini, kibodi na saa ya kompyuta hiyo. Hata mwendo waweza kupunguzwa, jambo lenye maana kuliko linavyoonekana: programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal hupima kasi ya mashine zinapoanza, na kwenye prosesa yenye kasi mno jibu la hesabu hukosa nafasi ya kukaa, programu ikafa papo hapo.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba kilicho na thamani ni data, si programu, ihamishwe, yaishe. Nakubali nusu. Tazama CDS/ISIS, programu ya orodha za vitabu ambayo UNESCO ilitoa toleo lake la kompyuta ndogo mwaka 1985 na kuigawa bure kwa maktaba za nchi zinazoendelea, za Afrika zikiwemo. Rekodi zake zaweza kutolewa kwa muundo wa ISO 2709, unaosomwa na programu nyingine za maktaba. Ila njia ya kawaida ya kuzitoa imo ndani ya CDS/ISIS yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuhama hana budi kuifungua kwanza.

Wengine wanahofia usalama. Hofu hiyo ingefaa zaidi kuelekezwa kwa kompyuta chakavu yenye Windows XP iliyoachwa kwenye intaneti kwa ajili ya programu moja tu. Programu iliyo ndani ya DOSBox, kwa kawaida, huona folda iliyopewa basi. Udhaifu ninaoukubali ni mwingine. DOSBox ililengwa kwa michezo, na si ya kuaminiwa pale watu kadhaa wanapoandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja. Duka la jumla lenye makarani watano wa mauzo linunue programu mpya, na kompyuta ya bandia ibakie ya kusomea hesabu za miaka iliyopita.