Kupanga Uzazi (4): Pete Inayokaa Mwaka Mzima

Juma lililopita tulizungumzia vidonge vya majira na adha ya kukumbuka kumeza kila siku. Leo tunageukia njia ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona kwa macho: pete laini ya silikoni, yenye upana wa milimita 56, ambayo mwanamke huiingiza ukeni kwa mkono wake mwenyewe.

Iliidhinishwa Marekani Agosti 2018 kwa jina la Annovera, nayo ni kazi ya watafiti wa Population Council. Pete za homoni zilikuwepo kabla yake, ila iliyozoeleka zaidi hutupwa kila mwezi. Hii hukaa ndani siku 21, hutolewa siku 7 ili damu ipite, kisha hurudishwa ile ile, kwa mizunguko 13. Hubeba homoni mbili, projestini iitwayo segesteroni na estrojeni. Segesteroni ikimezwa haifai kitu, kwa maana ini huimaliza mapema. Ndiyo sababu ikatafutiwa njia ya ukeni. Homoni hizo hupenya kwenye damu kidogo kidogo na kuzuia yai lisitoke.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanamke anaishika mwenyewe. Kijiti na kitanzi humhitaji mtaalamu wa kuweka na kutoa. Pete akiamua kuiacha, anaivuta basi. Tena haihitaji jokofu. Huoshwa kwa sabuni isiyo kali na maji ya uvuguvugu, ikahifadhiwa kwenye kikasha chake. Katika wanawake 100 walioitumia mwaka mmoja wakati wa majaribio, takriban 3 walishika mimba. Kijiti ni imara zaidi ya hapo, na hilo lisemwe wazi. Isemwe pia kwamba pete hii haizuii Virusi vya UKIMWI wala kaswende.

Sasa hatari, na hapa naomba tusiharakishe. Estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Katika wanawake 10,000 wasio wajawazito na wasiotumia homoni, kati ya 1 na 5 hupata tatizo hilo kwa mwaka. Kwa wanaomeza vidonge vyenye estrojeni ni kati ya 3 na 9. Ujauzito wenyewe huzidi hapo: 5 hadi 20, na majuma ya mwanzo baada ya kujifungua huzidi mno. Kwa mwanamke mwenye afya, basi, hatari ni ndogo. Kwa mwenye presha ya kupanda, aliyewahi kupata kiharusi au damu kuganda, mwenye saratani ya matiti, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, au mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, hesabu hiyo hubadilika kabisa, na pete hii haimfai. Wanawake wanene nao wawe waangalifu: watafiti waliacha kuwasajili baada ya wawili wao kuganda damu, kwa hiyo usalama wake kwao haujapimwa vya kutosha.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha presha kabla ya yote. Ni dakika mbili tu, na mhudumu anayeziruka anamnyima mama haki yake. Aulize pia dawa anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya homoni, mama akajikuta mjamzito huku pete imo. Anayenyonyesha kichanga atafutiwe njia isiyo na estrojeni.

Kichefuchefu, maumivu ya kichwa na ute mwingi ukeni huwapata baadhi ya watumiaji. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, au upande mmoja wa mwili ukilegea, pete itolewe na mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ikichomoka, ioshwe na kurudishwa. Ikikaa nje zaidi ya saa 2 katika zile siku 21, kondomu zitumike mpaka pete imalize siku 7 mfululizo ndani. Vilainishi vya mafuta visitumike nayo.

Mwaka ukiisha, zaidi ya nusu ya homoni bado imo ndani ya pete. Isitupwe chooni wala jalalani ambako watoto huokota vitu. Irudishwe kwa mfamasia.

Juma lijalo: pete ya projesteroni pekee, iliyobuniwa kwa ajili ya wanaonyonyesha.