Kabla ya Baridi, Kiazi Kipewe Siku Zake

Kiazi kilichong'olewa shambani bado ki hai. Katika butiki za Busanza, huku Kanombe jijini Kigali, viazi vya Kinigi hushushwa kwa magunia, na ukishika kimoja utakuta ngozi nyekundu imechubuka, pengine jembe limemega kipande. Kitazame kidonda hicho kwa karibu. Kikiwa kibichi, kitalowesha kidole. Kikiwa cha siku kadhaa, kidole kitapita juu ya utando mkavu wa rangi ya kahawia, unaobanduka kwa ukucha. Utando huo kiazi kimeutengeneza chenyewe, kikiwa kimeshaagana na mizizi na majani.

Seli zilizokatwa hufa. Zilizo hai chini yake hupaka kuta zao suberini, mchanganyiko wa asidi za mafuta na fenoli usiopitisha maji na ambao kuvu huvunja kwa shida. Hiyo ni kazi ya siku chache. Kisha seli za chini zaidi huanza kugawanyika na kujenga ganda jipya, tabaka juu ya tabaka. Katika nyuzi joto 13 hadi 18 za Selsiasi, penye unyevu mwingi hewani, ganda hilo hukamilika kwa wiki moja au mbili.

Seli iliyokufa hairudi, iwe ya kiazi au ya mti. Mtafiti wa miti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua magogo mengi kwa msumeno wa injini na kuonyesha kwamba mti hauponyi jeraha, bali hulitenga: hujenga vizuizi kulizunguka, kisha huotesha mbao mpya juu yake, na jeraha hubaki ndani maisha yote ya mti. Kwa hiyo rangi au lami tunayopaka penye tawi lililokatwa haisaidii kitu. Kinachosaidia ni mahali pa kukata. Anayepogoa mparachichi wa uani akate nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye kitako cha tawi, kwa maana tishu za uvimbe huo ndizo zitakazokuja kufunika. Akiukata uvimbe wenyewe, ameondoa tiba pamoja na tawi.

Turudi kwenye kiazi, kwa sababu huko ndiko chakula kingi kinakopotea bila lazima. Kiazi kinahitaji vitu vitatu ili kijizibe: joto la wastani, unyevu hewani na oksijeni. Kukianika juani hukausha seli kabla hazijaanza kazi. Kukiosha na kukirundika kingali na maji ni kubaya zaidi, maana utando mwembamba wa maji huizuia oksijeni, suberini haitengenezwi, na bakteria wa uozo laini, ambao hawahitaji hewa nyingi, hupata mlango wazi. Viazi vya kuweka visioshwe. Vioshwe vikienda jikoni.

Na baridi? Rubirizi, jirani na Busanza katika tarafa hiyohiyo ya Kanombe, ndiko kiliko kituo cha Afrika cha umahiri wa ubaridi endelevu, kilichoanzishwa mwaka 2020 na serikali za Rwanda na Uingereza pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Nakiunga mkono kwa moyo wote, kwani mboga na matunda yetu yanauhitaji ubaridi huo. Lakini kiazi kibichi kikitiwa kwenye nyuzi 5 siku ya kuvunwa, kazi ambayo ingemalizika ndani ya wiki mbili huburutwa hadi wiki nyingi, na uozo haungoji. Baridi ije baada ya ganda. Bahati nzuri, hali ya hewa ya Musanze na Burera, viazi hivyo vinakolimwa, iko karibu kabisa na joto ambalo kiazi kinalipenda. Banda lenye kivuli na hewa linatosha, bila umeme. Tena mkulima akikata majani wiki mbili kabla ya kuvuna, ngozi hukomaa ardhini na haichubuki ovyo.

Kiazi kitamu kinataka joto kali zaidi, nyuzi 29 hadi 32 kwa siku nne hadi saba, joto ambalo Kigali hailipati usiku. Rundo likifunikwa kwa nyasi na turubai hujipasha lenyewe, mradi hewa ipite.

Matunda hayana uwezo kama huo. Tunda bichi hujiziba kidogo. Likishaiva, huwa linatumia nguvu zake kulainika. Maji mengi ambayo nyanya huyapoteza hutoka kupitia pale kikonyo kilipokuwa. Parachichi lichumwe kwa mkasi, likiachiwa kipande kifupi cha kikonyo. Likinyofolewa, huacha tundu ambamo kuvu hujipenyeza, na doa jeusi huonekana wiki kadhaa baadaye, tunda likiwa limeshafika kwa mnunuzi.

Muhogo ndio mgumu kuliko vyote. Ukikatwa, mwitikio wake wa jeraha husambaa hadi ndani badala ya kuishia penye kidonda, na ndani ya siku mbili tatu michirizi ya buluu na nyeusi hutokea kwenye nyama yake. Wanaousafirisha mbali huuchovya katika nta ya parafini ili hewa isiingie. Mkulima asiye na nta apunguze matawi na majani wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa. Michirizi hiyo huchelewa. Anayenunua sokoni achague wenye kipande cha shina ambacho hakijakatwa, aupike siku hiyohiyo.