Ghala Kubwa, Stakabadhi Finyu

Mkulima wa Ndandalo, hapa Kyela, akishapimiwa kakao yake ghalani, hurudi nyumbani na stakabadhi. Karatasi inaingia mfukoni, ingawa mzigo inaousemea ungejaza sebule. Folda ya mtandao ni hivyohivyo, na mwenye kuijua stakabadhi atalielewa upesi swali ambalo sisi mafundi tunaulizwa kila mara: "Fundi, kompyuta yangu ina diski ya gigabaiti 256, na folda ya seva ina terabaiti 4. Itaenea wapi?"

Haihamii kwako. NFS, mfumo wa folda za mtandao ulioanzishwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984, huziacha faili kwenye diski ya seva. Kompyuta yako huomba kipande kimoja kimoja, kadiri unavyosoma au kuandika. Diski yako huanza kujaa pale tu unapoinakili faili na kuiweka kwako.

Basi mipaka ya ukubwa wa faili inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye nafasi ya kuandikia namba. Chukua stakabadhi yenye vyumba vitatu vya tarakimu kwa ajili ya kilo. Kilo 999 zitaandikika. Kilo 1,000 hazina pa kuandikwa, hata kama nusu ya ghala ni tupu.

Ndivyo lilivyokuwa toleo la 2 la NFS, ambalo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1989. Ukubwa wa faili uliandikwa kwa biti 32, na kwa kawaida biti moja ilichukuliwa na alama ya hasi au chanya. Zilizobaki 31 zinafika baiti 2,147,483,647, takriban gigabaiti 2. Video ya harusi ikivuka hapo, haiandikiki. Toleo la 3, la mwaka 1995, lilipanua nafasi hiyo hadi biti 64, na kwa kazi zetu za kila siku kikwazo hicho kikaisha.

Lakini kupanua stakabadhi hakupanui ghala. Seva ikitumia diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, hakuna faili itakayofika gigabaiti 4, toleo la NFS liwe lolote. Mwenye seva naye anaweza kumwekea kila mtumiaji mgawo wake wa nafasi. Katika mipaka yote hii, unaokubana ni ule ulio mdogo kuliko mingine.

Seva yenyewe husema ni upi, kwa namba inazoirudishia kompyuta yako. 27 maana yake faili imezidi ukubwa unaoruhusiwa. 28: diski ya seva imejaa. 69: umemaliza mgawo wako. Kwenye skrini utaona maneno badala ya namba. Yanakili yalivyo umpelekee fundi, kwa sababu kila kosa lina tiba yake.

Kwenye Linux, amri ya df -h itakuonyesha nafasi iliyobaki kwenye seva, na nfsstat -m itataja toleo linalotumika. Fanya hivyo kabla hujapanda gari kwenda Mbeya kununua diski. Ikiwa kosa ni 28, diski mpya ya seva itasaidia. Ikiwa ni 69, zungumza na msimamizi akuongezee mgawo. Ikiwa ni 27, utarudi Kyela na diski mkononi, na faili yako itakataa vilevile.