Mwenye Duka Akifa, Madeni Yako Wapi?

Katika kijiji kimoja alikuwapo bwana mwenye duka dogo la chumvi, sabuni, sukari na mafuta ya taa. Ukutani alibandika karatasi, LEO TASLIMU, KESHO MKOPO, lakini hata yeye mwenyewe hakuijali, maana nani atamnyima jirani chumvi wakati mahindi bado yako shambani? Basi akakopesha. Madeni machache aliyaandika, mengi aliyaweka kichwani. Siku moja akaugua, na juma halijaisha akazikwa.

Matanga yalipokwisha, mjane alifungua daftari la marehemu. Akakuta: "Mama Pili 3." "Fundi nusu." "Yule wa mtoni, baada ya pamba." Tatu nini? Kilo tatu au shilingi elfu tatu? Fundi yupi, wa baiskeli au wa cherehani? Wenye uaminifu walikuja wenyewe wakalipa. Wengine walipita wakisalimu vizuri tu. Mmoja alipoulizwa akajibu, "Shemeji, mbona tulimalizana na marehemu?" Nani ataweza kubisha? Na huku tajiri wa mjini, aliyekuwa akimletea marehemu mali, alifika na hati zake zote, kila moja ina tarehe na sahihi.

Shida hii si ngeni duniani. Mwaka 1494, huko Venice katika Italia, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko aitwaye Luca Pacioli alipigisha chapa kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza daftari zao. Zilikuwa tatu. La kwanza ni la kuandika papo hapo kila jambo linalotokea dukani. Na mwenyewe asipokuwapo, aandike mtumishi wake, au hata wanawake wa nyumbani. La pili lapanga mambo yale kwa utaratibu. La tatu ndilo kubwa, lenye hesabu ya kila mtu mahali pake, pamoja na orodha ya majina kwa kufuata alfabeti ili yapatikane upesi. Tena alisema kwamba Wakatoliki wema hutia alama ya msalaba juu ya daftari zao za kwanza. Angalieni hapo, wanawake wa nyumbani wametajwa zamani zile zote, na kumbe kwetu wenye maduka wengi hawajawaonyesha wake zao mahali daftari lilipo!

Siku hizi kazi ile ya daftari la tatu hufanywa na kompyuta. Huko Marekani mwaka 1987 ilianza kuuzwa programu iitwayo ACT!, ya kutunza majina ya wateja na mazungumzo nao. Na mwaka 1999 ikaanzishwa kampuni ya Salesforce, ambayo programu yake hutumiwa kwa njia ya intaneti. Makampuni makubwa hulipa fedha nyingi kwa ajili ya vyombo vya namna hii. Lakini ukiondoa mapambo, ndani yake mna jambo rahisi: kila mteja ana ukurasa mmoja tu, wenye jina lake, namba yake ya simu, alichonunua, alichoahidi, anachodaiwa, na siku mliyosema naye mara ya mwisho. Siku ya ahadi ikifika, programu yakumbusha. Zipo nyingine ndogo za simu ya mkononi ambazo zamfaa mwenye duka wa kijijini.

Neno la kuangalia sana ni majina. Katika parokia zetu akina Maria ni wengi kama mawe ya mtoni, na akina Yosefu vilevile. Ukiandika "Maria" tu, mashine haitakusaidia kuliko daftari la marehemu; itachanganya deni la huyu na la yule kwa upesi zaidi. Wala namba ya simu haitoshi, maana simu moja huenda yatumiwa na baba, mama na watoto. Afadhali mpe kila mteja namba yake ya daftari, uandike na jina la baba na mtaa. Mtu mmoja asiwe na kurasa mbili, wala watu wawili wasiwe na ukurasa mmoja.

Tena simu huibiwa, na huanguka majini. Kwa hiyo iwepo nakala mahali pengine, hata ikiwa ya karatasi, na neno la siri lijulikane na mwenzio wa nyumbani. Lakini lisijulikane na mtaa mzima! Ukurasa wa mteja waonyesha nani hana unga, nani anakunywa kupita kiasi, nani amekopa kwa ajili ya dawa. Kubandika majina ya wadeni ukutani, au kuyatangaza kwa ujumbe wa simu kwa jamaa zao, ni kuvunja heshima ya watu. Na Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2019.

Yule mjane hakufunga duka. Alinunua daftari jipya, na kila anayekopa humwandika mbele ya macho yake, akamsomea, naye hutia sahihi au kidole gumba. Jumamosi jioni binti yake huyaingiza yote katika simu, na mama hukaa karibu akimsomea mstari kwa mstari. Tajiri wa mjini ameshalipwa karibu nusu. Fundi wa cherehani alikuja akasema ile nusu ilikuwa yake, nusu kilo ya sukari. Yule wa mtoni bado hajajulikana.