Kola Inayofura Malengelenge

Shati la kitenge, siku ya kwanza kuvaliwa, halisemi kweli yake. Kola imesimama, vifungo vimenyooka, na mwenye shati hutembea kwa madaha. Kweli hutokea baada ya maji na sabuni, shati likishaanuliwa kambani; hapo ndipo baadhi ya kola huonekana zimefura malengelenge madogo madogo, mfano wa ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto.

Kola ya namna hiyo tuliiona mikononi mwa mteja mmoja huko Mahoko, kituo cha biashara cha Kanama, wilayani Rubavu, kwenye barabara itokayo Musanze kwenda mji uliokuwa ukiitwa Gisenyi. Mteja huyo hakugomba. Alilikunja shati lake, akaliweka juu ya cherehani, akauliza kwa upole kama fedha zake zaweza kurudi. Twadhani upole huo ulimwumiza fundi kuliko matusi.

Fundi aliilaumu gundi. Ndani ya kola huwekwa kitambaa chepesi ambacho upande mmoja kimenyunyiziwa chembe za plastiki. Ukikipapasa kwa kidole utazisikia zikikwaruza. Chembe hizo huyeyuka kwa joto la pasi, zikapenya katika nyuzi za kitenge, na zikipoa hushika. Kabla ya hapo mafundi walishonea turubai jepesi kwa mkono, na nguo zikakazwa kwa wanga. Mwaka 1948 kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ilianza kuuza kitambaa cha ndani kisichofumwa, kwa jina la Vlieseline. Aina za kubandika kwa pasi zikaja baadaye, na kazi ya saa nzima ikawa ya dakika chache.

Lakini wepesi huo una masharti yake, na hapo ndipo lawama ilipokosea njia. Kiwandani kola hubanwa kwa mashine yenye joto lililopimwa, aghalabu kati ya nyuzi 120 na 150, kwa uzito uliopimwa na sekunde zilizohesabiwa. Fundi mwenye pasi ya mkaa hana kipimo chochote kati ya hivyo vitatu ila mkono wake na subira yake. Naye hushindana na kola hiyo ya kiwandani kila siku, kwani ndiyo iliyomo katika mashati ya mitumba, ambayo nchini Rwanda huitwa "chagua". Mwaka 2016 Serikali ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2.50, ili ushonaji wa nyumbani upate nafasi; Julai 2018 Marekani nayo ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo zitokazo Rwanda. Nafasi iliyogombewa na serikali mbili yaweza kupotea kwa fundi katika kufua mara moja tu.

Kosa la kwanza hutendeka kabla ya pasi kuwashwa. Kitenge kipya hurudi kikiloweshwa, na kitambaa cha gundi hakirudi kwa kadiri ileile. Kimoja kikijikunja na kingine kikakataa, katikati hubaki mifuko ya hewa. Basi hapana budi kitenge kiloweshwe na kukauka kabla ya kukatwa. Mteja mwenye haraka hapendi kusikia hayo, hasa katika nchi ya milima na mvua ambako nguo hukawia kukauka, lakini ni heri angoje siku moja.

La pili ni kusugua. Mazoea ya mkono ni kuipeleka pasi mbele na nyuma kama tunyooshavyo shuka, na gundi iliyoyeyuka huhama pamoja nayo. Pasi yapasa ikandamizwe mahali pamoja kwa sekunde 10 hadi 15, juu ya kitambaa chembamba kinachozuia majivu na gundi, kisha inyanyuliwe na kutuliwa mahali pengine. Baada ya hapo kola iachwe imelala mpaka ipoe kabisa. Ikiinuliwa ingali moto, gundi huachia. Kwa kuwa pasi ya mkaa haina namba, fundi ajaribu kwanza kwenye kipande cha masalio: akishindwa kubandua ncha kwa ukucha, joto limetosha. Kwa poliesta jaribio hilo si la hiari, maana hung'ara au kuyeyuka kabla fundi hajatanabahi.

Malengelenge yaliyotokana na joto dogo huweza kupona kwa kupigwa pasi tena. Yaliyotokana na kitenge kurudi hayaponi, na ya Mahoko yalikuwa ya aina hiyo. Fundi alichukua wembe akaifumua kola mbele ya mwenyewe, akatafuta chini ya meza masalio ya kitenge kilekile, akayatumbukiza katika ndoo ya maji. Mteja aliambiwa arudi siku ya soko.