Simu Inayozimika Kabla ya Kilele

Ndani ya kila simu ipo chipu ya umeme. Hupokea umeme wa betri na kuugawa kwa prosesa, kioo, kamera na redio ya mtandao, kila kimoja kwa volti zake; volti za betri zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, hukata vyote. Mfumo wa simu huwasiliana na chipu hiyo kupitia programu ndogo iitwayo draiva.

Katika joto la Moshi mjini kazi hiyo haionekani. Kibo, juu ya mlima Kilimanjaro, huifichua. Anayeondoka kambi ya Barafu usiku wa manane kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, huingia kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, na simu yenye asilimia 40 huweza kuzimika pale tu kamera inapofunguliwa. Chaji haijaisha. Baridi huongeza ukinzani ndani ya betri ya lithiamu, hivyo prosesa na kamera zikivuta umeme kwa mkupuo, volti huporomoka na chipu hukata. Betri iliyochakaa hufanya vivyo hivyo hata sokoni Mbuyuni.

Chipu kukata si kosa, maana hulinda vifaa. Ubaya ni kukata kabla mfumo haujahifadhi mafaili. Draiva nzuri hupima volti na joto mapema. Kisha mfumo hupunguza kasi ya prosesa au kuizima simu kwa utaratibu. Apple ilichukua njia ya kupunguza kasi Januari 2017 kwa iOS 10.2.1, bila kuwaeleza wateja waziwazi. Desemba mwaka huo iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Tiba ilifaa; kilichokera ni ukimya.

Ipo pia hitilafu ya kinyume: kifaa kisichozimika. Katika Linux, iliyo chini ya Android, simu inapozimwa programu hufungwa, vifaa husimamishwa, na mwisho draiva huiamuru chipu ikate umeme. Mara nyingi amri hupita kwenye nyaya mbili; kidhibiti cha nyaya hizo kikiwa kimeshasimamishwa, amri haifiki. Kioo huwa cheusi huku betri ikiendelea kuliwa. Mwaka 2019 Linux iliongezewa njia ya kupitisha amri za aina hiyo dakika ya mwisho.

Hata hivyo, hakuna draiva inayopasha betri joto mlimani. Simu ikae mfuko wa ndani wa koti. Ikizimika, ipate joto la mwili kwanza ndipo iunganishwe na pawabanki, kwa kuwa kuchaji betri ya lithiamu iliyoganda kwa baridi huiharibu.